Fahamu Kazi ya Mwenzako: Mhandisi wa Madaraja Makubwa

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kazi ya bwana shamba. Mwezi huu tutazungumza juu ya kazi ya mhandisi anayebuni madaraja makubwa. Huenda hujapata kumwona mtu huyu kwa macho. Lakini kila ukisafiri unapita juu ya kazi yake.

Wewe uliye Igowole unajua thamani ya daraja. Mkulima wa chai akichuma majani asubuhi, majani hayo lazima yafike kiwandani siku ile ile. Yakilala njiani yanaharibika, na jasho la siku nzima limepotea. Mwenye viazi akikwama mtoni siku mbili, mnunuzi anakwenda kwa mwingine. Mama mjamzito akipata shida usiku, gari la wagonjwa halina mabawa. Daraja likiwa zima, hakuna anayelitaja. Daraja likivunjika, kila mtu analitaja.

Basi, ni nani anayehakikisha kwamba daraja halivunjiki? Ni watu wengi. Lakini yupo mmoja ambaye jina lake na sahihi yake vimo katika michoro. Huyo ndiye mhandisi mwandamizi. Tuitazame kazi yake hatua kwa hatua.

MAJI YETU YANAKWENDA WAPI?

Kwanza, ndugu msomaji, fikiri juu ya maji ya Mufindi. Mvua inayonyesha katika milima yetu inaingia katika vijito. Vijito vinaingia katika mito. Mito mingine inateremka bondeni na kuingia Mto Kilombero. Mingine inakwenda kaskazini na kuingia Ruaha Mkuu. Maji hayo yote mwisho wake ni Mto Rufiji, na Rufiji unaingia Bahari ya Hindi.

Katika safari hiyo maji yetu yanapita chini ya madaraja makubwa. Karibu na Ifakara yanapita chini ya daraja la Mto Kilombero. Daraja hilo lina urefu wa mita 384. Zamani watu walivuka hapo kwa kivuko. Januari 2016 kivuko kilipinduka katika mto huo kikiwa na watu na magari. Daraja lilifunguliwa mwaka 2018, na leo watu wanavuka bila kungoja kivuko.

Chini zaidi, huko Rufiji, maji yetu yanapita chini ya Daraja la Mkapa. Lilifunguliwa mwaka 2003. Urefu wake ni mita 970. Mtu wa kawaida akitembea, hatua yake moja ni karibu robo tatu ya mita. Piga hesabu mwenyewe: kuvuka daraja hilo ni hatua karibu 1,300. Kabla ya hapo, watu wa Lindi na Mtwara walikuwa wakingoja kivuko. Mto ukijaa, safari zilisimama.

Kwa hiyo mvua ya Igowole ni sehemu ya hesabu ya mhandisi aliye mbali kabisa. Sisi tulio juu na wale walio chini tumeunganishwa na maji yale yale.

HATUA YA KWANZA: KUUULIZA MTO

Watu wengi hudhani kwamba mhandisi huanza kazi kwa kuchora. Sivyo. Huanza kwa kuuliza. Huuuliza mto, huiuliza ardhi, na huwauliza watu.

Anataka kujua mambo haya: Mto huu una upana gani wakati wa kiangazi? Unapanda mpaka wapi wakati wa masika? Unakwenda kasi kiasi gani? Unabeba magogo? Umepata kuhama njia yake?

Mhandisi hatazami mvua ya mwaka mmoja tu. Kwa daraja kubwa, hutazama mafuriko makubwa sana, yale ambayo kwa wastani huweza kutokea mara moja katika miaka 100. Lakini atayajuaje? Mahali pengine vipo vipimo vya maji vilivyoandikwa kwa miaka mingi. Mahali pengi havipo, au ni vya miaka michache tu. Hapo mhandisi mwenye busara huenda kwa wazee wa kijiji. Huwauliza: “Mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998, maji yalifika wapi?” Mzee humpeleka kwenye mti au jiwe, akaonyesha kwa fimbo. Mhandisi hupima pale, akaandika.

Umeona? Profesa hawezi kumwambia jambo hilo. Kompyuta haiwezi kumwambia. Mzee aliyeona kwa macho yake ndiye anayejua.

HATUA YA PILI: KUIULIZA ARDHI

Daraja lina uzito mkubwa. Uzito huo hushuka katika nguzo, na nguzo huusukuma chini katika ardhi. Ardhi ikiwa laini, nguzo huzama. Nguzo moja ikizama na nyingine isizame, daraja hupinda na kupasuka.

Kwa hiyo mafundi huchimba mashimo membamba na marefu kwa mashine. Hutoa udongo wa kila kina na kuupeleka maabara. Hapo juu kuna mchanga. Chini yake kuna tope. Chini zaidi kuna mwamba. Mhandisi hutaka kujua mwamba uko wapi. Ukiwa karibu, msingi huwekwa juu yake. Ukiwa mbali, nguzo ndefu za zege na chuma huteremshwa ardhini mpaka zifike mahali pagumu.

Adui mkubwa wa daraja ni maji yanayochimba chini ya nguzo. Watu wengi hudhani daraja huanguka kwa sababu gari zito limepita. Hutokea. Lakini madaraja mengi zaidi huangushwa na maji. Maji yakifika kwenye nguzo huzunguka kwa nguvu na kuchota mchanga. Kila siku kidogo kidogo. Mwishoni nguzo haina kitu cha kuisimamisha. Kwa juu daraja linaonekana zima, kumbe chini limekwisha.

Tena kuna jambo la ajabu juu ya maji. Maji yakienda kasi mara mbili, nguvu ya kusukuma kwake haiwi mara mbili. Inakuwa mara nne. Ndiyo maana mtoto huvuka kijito wakati wa kiangazi, na wakati wa masika kijito hicho hicho kinachukua ng’ombe.

HATUA YA TATU: KUPIGA HESABU

Chukua kijiti kibichi. Kishike kwa mikono miwili na ukikunje polepole. Tazama vizuri. Upande wa juu unakandamizwa. Upande wa chini unavutwa. Ukiendelea kukunja, nyuzi za chini hukatika kwanza.

Daraja nalo hufanya hivyo hivyo gari likipita katikati ya nguzo mbili. Juu linakandamizwa, chini linavutwa. Zege hustahimili sana kukandamizwa, lakini likivutwa hupasuka. Chuma hustahimili kuvutwa. Kwa hiyo mafundi huweka nondo za chuma ndani ya zege, hasa mahali panapovutwa. Viwili hivyo husaidiana kama mume na mke katika shamba moja.

Mhandisi hukadiria uzito wote. Kwanza uzito wa daraja lenyewe. Katika madaraja makubwa huo ndio mzigo mkubwa kuliko yote. Halafu uzito wa magari. Halafu nguvu ya upepo, ya maji, ya tetemeko la ardhi, hata ya gari linalofunga breki ghafla.

Nchini kwetu sheria inaruhusu gari la mizigo la aina kubwa kabisa, pamoja na mzigo wake, kuwa na uzito usiozidi tani 56. Tani moja ni kilo 1,000. Gunia moja la mahindi likiwa na kilo 100, basi gari hilo ni sawa na magunia 560. Mhandisi hafikirii gari moja tu. Hufikiri magari mengi mazito yamesimama darajani kwa pamoja. Halafu huongeza akiba juu ya hesabu, kama mama mwenye busara anavyoweka unga wa akiba kwa ajili ya mgeni asiyetazamiwa.

Kuna joto pia. Jua likiwaka, daraja hurefuka. Baridi ikija, hufupika. Daraja la mita 100 likipata joto lililozidi kwa nyuzi 20, hurefuka kwa karibu sentimita mbili, yaani kama upana wa kidole gumba. Ni kidogo, lakini nguvu yake ni kubwa. Likikosa nafasi, litapasuka lenyewe. Ndiyo maana ukipita daraja refu unasikia magurudumu yanagonga: ko-ko. Hapo pana mwanya ulioachwa makusudi. Usiuzibe kwa mawe wala kwa saruji.

HATUA YA NNE: KUCHAGUA AINA YA DARAJA

Si kila mto unafaa daraja la namna moja. Mhandisi hutazama mahali, fedha, na vifaa vilivyopo.

Mto ukiwa mdogo na mawe yapo, daraja la mawe lenye umbo la upinde linatosha. Mawe hubanana yenyewe kwa uzito wake. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, umejenga madaraja mengi ya mawe, hasa mkoani Kigoma. Gharama yake ni ndogo kwa sababu mawe hupatikana pale pale na vijana wa pale pale hupata kazi.

Mto ukiwa mpana na wa kina, hutafutwa njia nyingine. Daraja la Nyerere la Kigamboni, Dar es Salaam, lilifunguliwa Aprili 2016. Lina urefu wa mita 680. Sehemu yake ya katikati imeshikwa na nyaya nene za chuma zilizofungwa katika minara. Nyaya hizo zinavuta daraja kwenda juu, kama kamba zinazoshika hema.

Daraja refu kuliko yote katika nchi yetu liko Mwanza. Linaunganisha Kigongo na Busisi juu ya Ziwa Viktoria. Urefu wake ni kilomita 3. Ujenzi ulianza mwaka 2020, na Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua tarehe 19 Juni 2025. Gharama yake ilizidi shilingi bilioni 700. Hapo zamani watu walingoja kivuko kwa muda mrefu, wakiwemo wagonjwa. Sasa gari linavuka kwa dakika chache.

Lakini wewe wa Igowole huna haja ya kwenda Mwanza ili kuona kazi kubwa. Nenda Makambako. Reli ya TAZARA, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina urefu wa kilomita 1,860. Ujenzi ulianza mwaka 1970, reli zikakamilika mwaka 1975, na mwaka 1976 ikakabidhiwa rasmi. Wahandisi wa China walifanya kazi pamoja na Watanzania na Wazambia. Sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote ni ile ya kupanda kutoka Mlimba mpaka Makambako. Katika sehemu hiyo kuna madaraja 46 na mahandaki 18.

Daraja la Mto Mpanga liko katika sehemu hiyo. Limesimama juu ya nguzo tatu. Kila nguzo ina kimo cha karibu mita 49. Unazijua nguzo za umeme zinazotokana na milingoti yetu ya Mufindi? Simamisha tano moja juu ya nyingine. Hicho ndicho kimo cha nguzo moja ya daraja la Mpanga. Na juu yake hupita garimoshi zima lenye mzigo.

HATUA YA TANO: KUKUBALI KUSAHIHISHWA

Hapa ndugu msomaji ndipo penye kiini cha kazi hii. Sikiliza kisa kimoja cha kweli.

Nchini Kanada, karibu na mji wa Quebec, lilikuwa likijengwa daraja kubwa la chuma. Mhandisi mshauri alikuwa Theodore Cooper, mtu mwenye sifa kubwa. Alikuwa mzee na afya yake si nzuri. Aliishi New York, mbali na kazi, na alifika darajani mara chache sana.

Mwanzoni sehemu ya katikati ilipangwa kuwa na urefu wa mita 488. Baadaye ikaongezwa kuwa mita 549. Daraja likirefuka, uzito wake huongezeka. Lakini hesabu ya uzito haikupigwa upya kwa wakati wake. Ilipogunduliwa kwamba chuma ni kizito kuliko ilivyodhaniwa, kazi ilikuwa imefika mbali. Ikaonekana tofauti hiyo inavumilika. Kazi ikaendelea.

Mwezi Agosti 1907 kijana mmoja mhandisi, Norman McLure, aliona jambo. Vyuma vya chini vilikuwa vinapinda. Kidogo, lakini kila siku vinazidi. Akaandika barua. Mwishowe akasafiri mwenyewe kwenda New York kumwona Cooper. Cooper akapeleka simu ya maandishi kwa kampuni ya ujenzi kwamba mzigo usiongezwe darajani. Lakini amri hiyo haikuwafikia wafanyakazi kwa wakati. Jioni ya siku ile ile, tarehe 29 Agosti 1907, daraja lilianguka mtoni. Wafanyakazi 75 walikufa.

Daraja lilibuniwa upya. Mwaka 1916 sehemu ya katikati ilianguka wakati inapandishwa, na watu 13 wakafa. Lilikamilika mwaka 1917, nalo limesimama mpaka leo.

Hata hapa jirani, nchini Kenya, daraja la Sigiri juu ya Mto Nzoia lilianguka tarehe 26 Juni 2017, likiwa bado linajengwa.

Tunajifunza nini? Kwanza, daraja ambalo halijakamilika lina hatari yake. Viungo vyake bado havijashikana vyote. Hupaswa kupigiwa hesabu ya kila siku ya ujenzi, si ya siku ya mwisho tu. Pili, sifa ya mtu haibebi mzigo. Hesabu sahihi ndiyo inayobeba. Tatu, anayeona ufa aseme mapema, na mkubwa asikie. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika madaraja, usipoziba ufa utazika watu.

Ndiyo maana leo hesabu za daraja kubwa hazikaguliwi na mtu mmoja. Mhandisi mwingine, ambaye hakushiriki katika kubuni, huzipiga tena tangu mwanzo. Mhandisi mwandamizi mwema haoni haya kukaguliwa. Na akiona jambo si salama, kazi yake ni kusema hapana, hata kama mkandarasi ana haraka, hata kama siku ya sherehe imekwisha tangazwa.

MTU HUFIKAJE KATIKA KAZI HII?

Mama mmoja huenda anauliza: “Je, mwanangu anaweza?” Anaweza, awe wa kiume au wa kike.

Lazima apende hesabu tangu shule ya msingi. Sekondari asome hisabati na fizikia kwa bidii. Halafu aingie chuo kikuu asome uhandisi wa ujenzi kwa miaka minne. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha wahandisi mwaka 1973. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini tunacho Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya.

Akimaliza chuo bado si mhandisi kamili. Hufanya kazi chini ya wakubwa kwa muda usiopungua miaka mitatu. Kisha Bodi ya Usajili wa Wahandisi humpima na kumsajili kuwa mhandisi mtaalamu. Bila usajili huo hana ruhusa ya kufanya kazi hiyo kwa kujitegemea. Baada ya hapo huongeza miaka mingine mingi ya kujifunza kwa vitendo. Ndipo anapoitwa mwandamizi. Wengi hufika huko wakiwa na mvi chache kichwani.

Kazi yenyewe si ya ofisini tu. Anakaa mezani na kompyuta. Kesho yake amevaa mabuti, yuko topeni. Keshokutwa yuko kwenye mkutano anaeleza kwa nini fedha za msingi zisipunguzwe. Watu hupenda kupunguza msingi kwa sababu hauonekani. Rangi inaonekana, taa zinaonekana, lakini msingi umefichwa chini ya maji. Mhandisi ndiye mtetezi wa kile kisichoonekana.

SISI VIJIJINI TUNAHUSIKA VIPI?

Ndugu msomaji, usiseme, “Hayo ni mambo ya wataalamu.” Daraja likikabidhiwa, mhandisi anaondoka. Anayebaki nalo ni wewe. Januari 2014 mafuriko yalikata barabara ya Morogoro kwenda Dodoma penye daraja la Dumila, wilaya ya Kilosa. Maji yalikula tuta la kuingilia darajani, na magari yakakwama. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga na mahali pengine. Maji hayachagui barabara kubwa wala ndogo.

Haya ndiyo tunayoweza kufanya Igowole na katika kila kijiji:

1. Tusichote mchanga wala mawe karibu na nguzo za daraja. Mchanga huo ndio unaoishika nguzo.

2. Tusilime mpaka ukingoni mwa mto. Sheria inataka tuache mita 60. Mizizi ya miti na majani hushika udongo. Ukingo ukibomoka, mto huhama na kulikimbia daraja.

3. Tuzibue kalvati na mitaro kabla ya mvua kuanza mwezi Novemba. Kalvati iliyoziba kwa magogo na takataka hugeuza barabara kuwa bwawa, na bwawa hilo hubomoa tuta.

4. Tusing’oe vyuma vya pembeni, nati wala vibao vya alama. Anayenunua chuma chakavu cha daraja na anayekiuza, wote wawili wanauza maisha ya watu.

5. Wenye magari ya mbao na nguzo wasizidishe mzigo. Mizani ya Makambako haikuwekwa ili kuwasumbua madereva. Na katika barabara za ndani, ambako hakuna mizani, dhamiri ya dereva ndiyo mizani.

6. Maji yakipita juu ya daraja, usivuke. Huwezi kujua kama chini bado kuna daraja. Ngoja. Anayengoja saa tatu hufika nyumbani amechelewa, lakini hufika.

7. Ukiona ufa, shimo, au nguzo iliyochimbwa chini, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisa mtendaji siku hiyo hiyo. Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA, ambayo ina meneja katika wilaya. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Andika mahali, tarehe, na ulichokiona. Baki na nakala.

DAFTARI LA MTO

Jambo la nane ni kubwa, nami naliweka peke yake. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Anzisheni daftari la mto katika kijiji chenu.

Si kazi ngumu. Chagueni mti imara au jiwe kubwa karibu na kivuko chenu. Wekeni alama za rangi, kila nusu mita alama moja, na kila alama namba yake. Mvua kubwa ikinyesha, mtu mmoja aliyechaguliwa atazame akiwa mbali na ukingo. Aandike tarehe, saa, na alama ambayo maji yamefika. Basi. Mistari miwili inatosha.

Halafu waendeeni wazee wetu wakingali hai. Waulizeni maji yalifika wapi mwaka 1998, na miaka mingine mikubwa wanayoikumbuka. Waonyeshe mahali. Pimeni kwa kamba au kwa futi. Andikeni jina la mzee aliyesema.

Mzee akifariki bila kuandikwa, kipimo hicho kimezikwa naye. Kikiandikwa, kitakaa miaka 100. Siku moja mhandisi atafika kubuni daraja la kudumu mahali penye magogo ya leo. Atauliza: “Maji hupanda mpaka wapi?” Kijiji kingine kitanyamaza, naye atakisia. Kijiji chenu kitamletea daftari. Daraja lake litakuwa na kimo kinachofaa, wala halitazidi gharama bure, wala halitafunikwa na maji mwaka wa pili.

Mhandisi mkubwa ana kompyuta, ana mashine, ana miaka mingi ya masomo. Lakini daftari hilo hana. Ninyi ndio mtakaompa.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Ni adui gani anayeangusha madaraja mengi zaidi? Anafanyaje?

2. Kwa nini nondo huwekwa ndani ya zege?

3. Kijana Norman McLure alifanya jambo gani jema? Je, katika kijiji chetu mtu akiona hatari humwambia nani?

4. Daraja lina urefu wa mita 384. Hatua yako moja ni robo tatu ya mita. Utalivuka kwa hatua ngapi?

5. Tajeni madaraja na kalvati zote za kijiji chenu. Ni zipi zinazohitaji kuzibuliwa kabla ya mvua? Ni nani atafanya kazi hiyo, na lini?

Mwezi ujao, ndugu msomaji, tutaitazama kazi ya mpima ardhi. Mpaka hapo, soma tena makala hii, kisha msomee jirani yako ambaye bado hajaanza kisomo.